Sijui Thelathini na Nane

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shajara hii nimepewa bure na yule bwana wa kampuni ya dawa, anayekuja na tai na mkoba kila mwanzo wa mwezi. Kila ukurasa juu una picha ya mtu anakohoa. Mtu yule yule. Mwaka mzima anakohoa, na wao ndio wenye dawa ya kikohozi. Haya bwana.

Nimeanza kuandika leo maana leo nyota yangu imewaka. Bosi ametuita kikao stoo, katikati ya maboksi. Bosi ndiye mfamasia na ndiye mwenye duka la dawa. Ni mama wa miwani mbili: moja ya kusomea, moja ya kukutazamia ukiwa umekosa. Kikao cha watu watatu: yeye, mimi, na dada wa kaunta.

Akasema kazi ya famasia imebadilika. Zamani mfamasia alisimama kaunta akihesabu vidonge kama mtu anayegawa pipi. Siku hizi anatakiwa akae na mgonjwa, amuulize dawa anazimezaje, ampime presha, amweleze kwa utulivu. Kwa hiyo stoo inageuzwa chumba cha ushauri. Stoo yangu! Miaka saba naegemea ukuta ule baada ya chakula cha mchana, mpaka ukuta una alama ya kisogo.

Lakini subiri. Yeye akiingia chumbani, kaunta anabaki nani? Anatakiwa msaidizi aliyesomea. Chuo kinachukua watu kwa miezi sita, siku mbili kwa wiki, siku zingine unabaki kazini. Na hapa ndipo nilipovuta kiti: hata sisi wa madarasa machache tunapokelewa, mradi tuna uzoefu na barua ya mfamasia wetu. Barua moja kwa kila duka. Moja!

Wagombea wawili. Mimi: miaka saba dukani, darasa la sita kamili (la saba niliumwa), kila boksi nalijua kwa uzito nikiwa nimefumba macho. Watu wananiita Maboksi. Yeye: miezi kumi na minne, na kalamu sikioni. Nikamwonea huruma, kijana wa watu.

Bosi akasema wiki hii tutapokezana kaunta saa moja moja, na yeye anatazama. Kila dawa itapita mkononi mwake kabla haijatoka. Ataangalia kitu kimoja tu. Nikauliza kipi. Akasema akikitaja hakitakuwa na maana tena. Nikamkonyeza kuonyesha nimeelewa. Hakunikonyeza.

Sikuelewa, lakini haina neno. Kitu chenyewe ni ujuzi. Kingine kitakuwa nini?

Barua hii lazima niipate. Siku nilipokwenda kuposa, mama mkwe aliniuliza kazi yangu. Nikasema niko kwenye mambo ya dawa. Akashangilia, kumbe tumepata daktari! Nikanyamaza kwa heshima. Miaka sita sasa ananiita Daktari mbele ya ukoo mzima, na mimi bado nanyamaza kwa heshima. Alhamisi anakuja kukaa kwetu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimevaa koti jeupe. Fundi cherehani wa jirani kanishonea jana jioni. Nilimwambia nataka la daktari. Kaleta la mikono mifupi, mfuko mmoja mkubwa tumboni. Mteja wa kwanza akachungulia mlangoni, akaniona, akauliza bucha imehamia hapa lini. Nikamwonyesha meno yote. Wivu.

Saa yangu kaunta: moto! Hakuna swali lililoniangusha. Kijana akauliza kama vidonge vyake anaweza kumezea maziwa. Nikamwambia inategemea ng'ombe. Mama mmoja akauliza kama ile dawa ya maji ya mtoto inakaa kwenye friji. Nikamwambia kama friji ina nafasi, kwa nini inyimwe? Mwalimu mstaafu akauliza mbona vidonge vyake safari hii ni vya duara na vya mwanzo vilikuwa virefu. Nikamwambia mwalimu, dunia nzima inabadilika. Akanitazama sana. Nadhani nilimgusa.

Bosi alikuwa anatoka nyuma kila mara na kumjibu mteja upya. Anakazia maneno yangu. Sawa, ndiyo kazi ya mkubwa.

Ikaja saa ya dada wa kaunta. Jamani. Swali la kwanza tu, lile lile la maziwa. Akasema: sijui, ngoja nimwite mfamasia. Bila aibu! Mbele ya watu! Bosi akaja, akaeleza, dada akatoa kijidaftari akaandika. Swali la pili: sijui, ngoja nimwite mfamasia. La tatu, hivyo hivyo. Alipokuja mtu mwingine na habari za maziwa akajibu mwenyewe, tena neno kwa neno alivyosema bosi. Kuiba majibu mchana kweupe!

Nimembatiza jina: Bi Sijui. Na nimeanza kuhesabu, mstari kwa mstari, chini ya boksi la pamba. Leo tisa. Mimi: sufuri.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimebuni jambo kubwa.

Dukani kwetu kuna utaratibu wa ajabu. Dawa inayokaribia kuisha muda inawekwa mbele ya rafu, mpya inawekwa nyuma. Miaka saba naona uchungu. Ni kama kuwapokea wageni na kandambili zilizokatika, viatu vipya umevificha uvunguni! Nikasema leo ninamwonyesha bosi ubunifu.

Bosi na Bi Sijui walipokwenda kula, nikageuza rafu zote. Mpya mbele, kuukuu nyuma. Kisha, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshanoga, nikapanga kwa rangi. Bluu na bluu, nyekundu na nyekundu, nyeupe pembeni peke yake kama bibi harusi. Duka likapendeza mpaka nikarudi nyuma kulitazama nikiwa nimeshika kiuno.

Wakarudi. Mteja wa kwanza akaleta cheti cha daktari. Bi Sijui akanyoosha mkono pale ulipozoea, akashika dawa ya minyoo. Akanyoosha pengine, minyoo tena (zina rangi nzuri, nilizipa nafasi). Foleni ikafika mlangoni. Bosi akavaa ile miwani ya pili, akauliza kwa sauti ya chini nani kafanya hivi. Nikainua mkono juu haraka kabla Bi Sijui hajanipokonya sifa.

Mchana wote nimerudisha boksi moja moja. Bosi amesimama nyuma yangu, ananisomea tarehe. Amesema rafu zingebaki hivyo mwezi mmoja tu, dawa za nyuma zingeisha muda kimyakimya na mtu angekuja kuuziwa. Sikubishana. Watu wa vitabu hawapendi rangi.

Ila hasara haikuwa tupu. Bi Sijui leo amesema sijui mara kumi na moja. Nne kati ya hizo nilizisababisha mimi na rafu zangu, lakini sijui ni sijui. Nimeziandika zote.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mama mkwe amefika. Nilimpokea na koti langu jeupe. Mke wangu akaniuliza kwa macho kama nina homa.

Mama mkwe akakaa kwenye kochi, akashusha pumzi, akasema mbona siku hizi akisimama tu dunia inazunguka. Wiki tatu sasa. Nikamwambia mama, hiyo ni safari. Akasema safari ameanza leo asubuhi. Nikamwambia mwili hujiandaa mapema.

Akatoa mfuko wa plastiki akamwaga dawa zake mezani. Akaniambia, Daktari mwanangu, hebu nitazamie. Hili boksi la dawa ya presha nimepewa zahanati ya kwetu. Hili lingine nilipewa hospitali kubwa nilipolazwa mwezi uliopita. Yasije yakawa kitu kimoja?

Hapo ndipo ujuzi unapopimwa. Nikavaa uso wa kazi. Nikayainua, moja huku, moja kule. Nikayatikisa sikioni. Moja la bluu. Moja la machungwa. Moja limeandikwa jina refu, jingine jina fupi. Hata uzito hayafanani, na kwa uzito mimi sidanganywi. Nikamwambia mama, hizi ni tofauti kabisa, kama mimi na wewe. Bluu asubuhi, machungwa jioni, usiache hata moja.

Akanishika mkono, akaniombea dua mpaka nikasikia joto.

Mke wangu akanivutia jikoni. Baba Pacha, una uhakika? Si umuulize mfamasia kesho? Nikamwambia Mama Pacha, nimuulize mtu, mimi? Yeye ndiye mwenye kuniuliza mimi boksi liko wapi! Akasema boksi ndiyo, dawa je? Nikamwambia kwani dawa inakaa wapi, si ndani ya boksi? Akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Bi Sijui leo: nane. Anapungua. Nina wasiwasi anasoma kwa siri.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mashine ya presha imefika kwa ajili ya chumba cha ushauri. Bosi akasema isiguswe mpaka atufundishe. Isiguswe na nani? Hakutaja jina. Nilimwita fundi cherehani tukaifungua wakati bosi yuko benki.

Kitambaa chake hakikumtosha mkono, fundi ana mkono wa kubeba cherehani. Tukamfunga kwenye kifundo cha mguu. Mashine ikanguruma, ikabana, fundi akaita jina la mama yake, ikaachia. Haikuandika namba. Ikaandika herufi moja ikawa inawakawaka. Fundi akaniuliza ndiyo nini. Nikamwambia una afya mpaka mashine imekosa cha kuandika. Akaondoka anachechemea, ana furaha.

Bosi aliporudi akaikuta mashine imekunjwa kinyume. Akatuuliza. Bi Sijui akasema hajui. Hii nayo nimeihesabu, ya kumi kwa leo.

Basi jumla: tisa, kumi na moja, nane, kumi. Thelathini na nane! Siku nne tu! Mtu anayetaka kuwa msaidizi wa mfamasia!

Nimekaa nimeandika ripoti kwenye upande wa ndani wa boksi la pamba, kwa kalamu nyekundu, mstari umenyooka. Siku, saa, swali lililoulizwa, na jibu la Bi Sijui, ambalo ni lile lile ukurasa mzima. Juu nimeandika: UDHAIFU WA MWENZANGU. Chini nimeweka sahihi. Sijatia chumvi hata punje. Sikuwa na haja. Ukweli wenyewe unamnyonga.

Kesho namkabidhi bosi. Pole yake, binti wa watu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ndefu. Niandike pole pole.

Asubuhi nikamkabidhi bosi ripoti. Akaisoma kwa ile miwani ya kusomea. Akairudia toka juu. Akaniuliza, Maboksi, hii ni kweli tupu? Nikaapa. Hukuongeza hata moja? Nikamwambia bosi, nimepunguza: mbili nimezifuta maana alikuwa anaulizwa kama mvua itanyesha. Akaniuliza mimi nimesema sijui mara ngapi wiki hii. Nikapiga kifua: sufuri, bosi! Sufuri safi!

Akakunja ripoti, akaiweka mfuko wa koti, upande wa moyo. Nikajua nimeshinda. Nilifagia duka nikipiga mluzi.

Saa sita mchana, zamu ya Bi Sijui kaunta. Mlango unafunguka, nani? Mke wangu. Na nyuma yake mama mkwe, kajifunga kilemba kipya, kaja kumwona mkwe wake Daktari akiwa kazini!

Mimi na fagio mkononi. Nikalificha nyuma ya mgongo. Mpini ukachomoza juu ya kichwa. Nikaliegemeza kwenye rafu, likaanguka. Mama mkwe akasema, Daktari, mbona unafagia? Nikamwambia usafi ndiyo dawa ya kwanza. Akamgeukia mwanawe akamwambia, unaona mtu mnyenyekevu!

Akakaa kwenye benchi. Bi Sijui akamkaribisha, shikamoo mama, marahaba. Mama akataka kuinuka amshike mkono. Miguu ikakataa. Akayumba, akashika hewa. Mke wangu akapiga yowe. Nikamdaka, lakini mzito, tukakaa wote chini. Nikasema ni joto, jamani, mpeni nafasi, ni joto tu.

Bi Sijui akatoka nyuma ya kaunta akapiga magoti. Akamuuliza mama anatumia dawa gani. Mke wangu akatoa ule mfuko wa plastiki. Bi Sijui akashika boksi la bluu, akashika la machungwa. Hakutikisa. Akayageuza ubavuni akasoma maandishi madogo, yale ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu anayasoma. Akakunja uso. Akasema: sijui, mama, lakini huku chini naona kama yamefanana. Ngoja nimwite mfamasia.

Thelathini na tisa! Mkono wangu ukaenda mfukoni kutafuta kalamu. Wenyewe tu.

Bosi akatoka mbio. Sijawahi kumwona anakimbia. Tukambeba mama mpaka chumba cha ushauri, akalazwa pale pale penye alama ya kisogo changu, miguu juu ya boksi. Mashine ikafungwa mkononi. Kumbe ndipo inapofungwa. Ikaandika namba. Presha imeshuka mpaka chini kabisa.

Akaeleza taratibu, kama alivyotuambia kikaoni kuwa siku hizi ndiyo kazi yake. Jina kubwa juu ya boksi ni la kiwanda, kila kiwanda kina lake. Jina dogo chini ndilo la dawa yenyewe. Bluu na machungwa, dawa ni moja. Mama alikuwa anameza mara mbili ya kiasi chake kwa wiki tatu nzima. Akampigia daktari wa zahanati papo hapo, wakakubaliana boksi moja liachwe. Akasema tumshukuru Mungu na huyu binti, maana mtu wa namna hii siku moja anasimama bafuni na hainuki tena.

Mama mkwe akafumbua macho. Akasema kwa sauti nyembamba: lakini Daktari aliniambia ni tofauti kabisa.

Bosi akauliza daktari gani huyo.

Mama mkwe akaninyooshea kidole.

Bosi akavua miwani ya kusomea. Akavaa ile ya pili. Akasema, mama, huyu? Huyu ni Maboksi. Anabeba maboksi.

Nilikuwa nimeokota fagio. Sijui kwa nini nililiokota. Hiyo isihesabiwe.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mama mkwe anaendelea vizuri, anasimama bila kuyumba. Tena anasimama sana. Anasimama mlangoni, anasimama dirishani, ananitazama.

Bado ananiita Daktari, ila sauti imebadilika. Daktari, fagio lile pale. Daktari, kuna boksi uvunguni, litoe. Daktari, hebu nipimie uzito wa hili gunia la mkaa, nasikia huko ndiko ulikobobea. Pacha wanacheka mpaka wanajikunja. Watoto wangu wenyewe!

Mke wangu haongei na mimi. Anaongea na birika. Anaiambia, birika, nilimwambia aulize. Birika, nilimwambia au sikumwambia? Birika inapiga mluzi, yeye anaitikia kwa kichwa.

Kuna wakati nilikwenda kukaa karibu na mama mkwe. Nikataka kusema jambo. Pole, au kitu kama hicho. Nikamwangalia mkono wake, ule ulioniombea dua. Umekonda kuliko nilivyokuwa nauona. Nikasema, mama, unataka maji? Akasema anataka. Nikaleta. Akanywa, akaniambia, kumbe kuna kitu unakijua.

Nimekaa nimefikiri na nimegundua kosa liko wapi. Kosa ni la viwanda. Dawa moja unaipakaje rangi mbili? Nitawaandikia.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kikao cha pili. Stoo siyo stoo tena: meza, viti viwili, pazia. Mimi nimesimama, viti vimeisha.

Bosi akasema ameamua. Barua anapewa dada wa kaunta. Akamsomea palepale. Ati mfanyakazi huyu anapokuwa hajui kitu husema hajui, huita mwenye kujua, na akielezwa mara moja hasahau. Ushahidi umeambatishwa, umeandikwa na mfanyakazi mwenzake kwa uaminifu mkubwa.

Ushahidi! Nikainua shingo kutazama. Boksi la pamba. Kalamu yangu nyekundu. Sahihi yangu! Bosi kakata tu pale juu palipoandikwa udhaifu, kaacha yote mengine. Mimi ndiye niliyemwandikia Bi Sijui cheti chake!

Bosi akasema kitu kimoja alichokuwa anakitafuta ni hicho. Majina ya dawa chuo kitamfundisha. Kusema sijui mbele ya foleni, hilo chuo hakifundishi, mtu anakwenda nalo. Nikamwambia bosi, ungenidokeza tu siku ya Jumatatu! Akasema ndiyo maana hakunidokeza.

Bi Sijui akanijia, machozi yanamlengalenga. Akanishika mikono yote miwili. Kaka, asante. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia jambo zuri hivi. Nikamwambia usijali, mdogo wangu, nilikuwa nakupigania kimyakimya. Bosi akakohoa kuliko yule mtu wa kwenye shajara.

Halafu likaja langu. Bosi akasema alikuwa ameshaandika barua ya kunifukuza, Jumamosi jioni. Ameichana kwa sababu moja: nilihesabu thelathini na nane za mtu ninayemwonea wivu na sikuongeza hata moja. Mtu wa namna hiyo anafaa kukagua tarehe za kuisha muda, boksi kwa boksi, rafu kwa rafu. Kazi yenyewe ina jina: mtunza dawa wa ghala. Ghala ni kile kibanda cha nyuma. Nitafunzwa siku mbili hapa hapa dukani. Mwalimu: Bi Sijui.

Sharti moja. Niseme ile sentensi, mbele yao, mara moja tu. Sijui, ngoja nimwite mfamasia.

Nikafungua mdomo. Nikasafisha koo. Nikaanza, si... Ulimi ukaganda kama umebandikwa. Si... Jasho. Bosi anangoja, Bi Sijui ananitia moyo kwa kichwa kama mama anayemfundisha mtoto kutembea. Nikafumba macho nikaitoa yote kwa pumzi moja. Nikapiga chafya baadaye. Nadhani mwili uliikataa.

Wakapiga makofi. Watu wawili, lakini makofi ni makofi.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimeelewa! Jamani, nimeelewa! Siri yote ya kazi hii nimeishika mkononi!

Miaka saba nilikuwa najitesa kujua, kumbe wanachotaka ni kutojua! Barua inatolewa kwa sijui. Chuo kinakuchukua kwa sijui. Basi mwakani, bosi akitoa barua nyingine, nani ataizuia? Toka Jumanne nimefungua kurasa mpya, nahesabu zangu mwenyewe.

Bosi kaniuliza pamba iko wapi. Sijui. Nilikuwa nimeikalia. Mteja kaniuliza duka limefunguliwa? Sijui, ngoja nimwite mfamasia. Mwalimu mstaafu kanipa habari za asubuhi, nikamwambia mwalimu, hata mimi sijui, ngoja nimwite. Nimemtoa bosi chumbani mara ishirini na tatu kabla ya chakula cha mchana, mara moja aje aniambie kama nina njaa. Bi Sijui, wiki yake bora kabisa, alipata thelathini na tisa. Mimi niko sitini na moja na wiki haijaisha! Bosi sasa ananitazama kwa miwani zote mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine. Heshima hiyo.

Jioni, Bi Sijui kaenda chuo kupeleka barua yake, bosi yuko chumbani kwake. Mama mkwe kakaa kwenye benchi anangoja kupimwa, presha yake sasa imetulia. Akaingia fundi cherehani, bado anachechemea kidogo. Kaweka maboksi mawili ya dawa kaunta. Moja la kijani, moja la njano. Akasema ni ya baba yake, mzee kapewa huku na huku, na sasa akisimama anasikia kizunguzungu. Akaniuliza, Maboksi ndugu yangu, haya si yanaweza kuwa kitu kimoja?

Nikacheka. Nikayatikisa sikioni. Kijani na njano, fundi! Una macho au huna? Hilo si swali la kumsumbulia mfamasia, yule mama ana kazi nyingi, na hilo mimi nalijua kama...

Sikumaliza. Mama mkwe alikuwa ameshasimama, wima, bila kushika kitu, anaita mfamasia kwa sauti iliyofika mpaka bucha.

Sielewi ana haraka gani. Nimeandika sitini na moja nimepiga mstari chini. Ile ya fundi sikuihesabu, maana jibu nilikuwa nalo.